Je, Ni Haki Kuwalaumu Waliotangulia?

Watoto wetu husoma shuleni habari za wataalamu wa kale, kisha huwacheka: mbona hawakujua jambo jepesi kama hili? Yafaa wazazi walijibu swali hilo kwa uangalifu, kwa maana ndani yake mna swali la haki. Je, mtu alaumiwe kwa kuwa elimu yake haikutimia?

Na tutazame jambo lililotukia katika nchi yetu. Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani, Jakob Erhardt, alikaa Tanga akiwauliza watu wa misafara habari za bara. Waliopita njia ya kusini walimwambia kwamba mbele kuna maji makuu. Waliovuka Ugogo kwenda Ujiji walisema vivyo hivyo. Na wengine kadhalika. Erhardt na mwenzake Johannes Rebmann wakayaunganisha maji hayo, wakachora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la koa.

Walikosea. Maziwa ni matatu: Tanganyika, Nyasa na Victoria. Lakini hawakuficha kwamba ramani yao ilitokana na masimulizi. Nayo ikawachochea wengine kwenda kutazama. Burton na Speke walivuka Ugogo mwaka 1857, wakafika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858. Mwezi Agosti Speke akaliona Ziwa Victoria.

Sasa tumtazame mtu wa pili. William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia huko London, hakufika Afrika kamwe. Yeye pia alifundisha kwamba ziwa ni moja. Kosa lilikuwa lile lile, ila moyo haukuwa ule ule. Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, Cooley alikana na kumdhihaki. Hata Baron von der Decken alipopanda mlima huo mwaka 1862 na kuleta ushahidi, Cooley hakukubali.

Basi twaona kwamba lawama haikai katika kosa lenyewe. Huenda mtu akasema: ramani mbovu yaweza kumpoteza msafiri. Ni kweli, ndiyo sababu kila afundishaye ana wajibu wa kueleza amejuaje, kwa macho au kwa masikio. Akiisha kufanya hivyo, hana deni. Mwenye deni ni yule aliyeletewa ushahidi akaufungia mlango kwa kulinda jina lake.

Tusisahau kwamba sisi nasi tunachora ramani. Wajukuu wetu watajua mengi tusiyoyajua juu ya magonjwa, mvua na udongo wa nchi hii kavu. Na wakute tumeyapambanua tuliyoyaona na tuliyoyasikia, wala hatukumdhihaki aliyekuja kutusahihisha. Mtoto anayemcheka Erhardt na aelezwe kwanza habari za Cooley, kisha aulizwe angependa kufanana na nani.