Mizani Hupima Mzigo wa Leo

Ndugu zangu wa Kiuyu, juzi nilikuwa kando ya njia, pale panapopanda, likaja lori la mchanga likasimama kati ya mlima. Kabla halijatulia, utingo alikwisharuka chini na jiwe mkononi, akalisukumiza nyuma ya gurudumu. Nikamuuliza dereva kuhusu breki. Akanijibu kwa upole: "Hizi ziko hivi tangu kabla ya Ramadhani, mzee. Nilishakamatwa, yakaisha." Nimerudi nyumbani na neno hilo. Yaliisha kwa nani?

Kisheria, kweli, mambo huwekewa mwisho. Huko Marekani, ambako baadhi ya ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaendesha malori, dereva wa safari ndefu akisimamishwa hutakiwa aonyeshe saa zake za kazi za siku ile na za siku 7 zilizotangulia. Akishapumzika saa 10 mfululizo, haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11. Kumbukumbu za nyuma zaidi si juu yake kuzibeba. Kampuni ndiyo huziweka kwa miezi 6. Na huku Bara, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Machi 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori na mzigo wake. Likipanda mizani pale Vigwaza, hupimwa mzigo uliomo. Uliozidi wiki iliyopita umeshapita.

Mpaka huu wa muda una hekima, nasi tuuheshimu. Mja aliyekosa, akaadhibiwa, akatengeneza, ana haki ya kupita njia kwa amani. Askari anayefukua kosa lililokwisha kulipiwa ili dereva atetemeke na mkono uingie mfukoni, huyo halindi usalama wa mtu. Anauza haki ya umma. Aliyepewa dhamana aandike analoliona leo, kama lilivyo, asizidishe kwa chuki wala asipunguze kwa kitu kidogo.

Lakini na sisi wa upande wa usukani tusijidanganye. Muda humzuia mkaguzi, hautengenezi breki. Mzigo uliozidi wiki iliyopita mizani haiuoni tena, ila barabara imeubeba, na shimo lake atalikuta mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku. Kosa alilolisahau askari, nasi tunalijua, bado liko chini ya gari yetu kila tukiwasha moto. Dini yetu imetufundisha kwamba haki ya mja haifi kwa kupita siku, na kwamba iko Mizani nyingine isiyopitwa na mzigo hata wa chembe.

Tutazame nia zetu, ndugu zangu. Anayenyamaza kwa kuwa ametengeneza, na anayenyamaza kwa kuwa hajagunduliwa, wote wawili wamenyamaza. Lakini si sawa. Twaona haya tukiandikiwa kosa mbele za watu, abiria wakitutazama. Mbona hatuoni haya kuteremka mlima penye watoto wa skuli, na breki tunazijua wenyewe? Haya ya kweli humpata mtu akiwa peke yake na gari yake, pasipo trafiki.

Basi dereva na utingo wazunguke gari kabla ya kupakia, wakague matairi, taa na breki, na kasoro waitaje kwa jina lake. Na tajiri wa gari, akiambiwa, asijibu, "Malizeni kwanza safari hii." Akijibu hivyo, naye ana fungu lake katika dhambi ya safari hiyo.

Na lile jiwe? Naomba siku moja nipite pale mlimani nilikute limelala kando ya njia, halina kazi.