Kupungua Mwili: Je, ni Wema?



Liko jambo linalozungumzwa sana katika mtaa wetu siku hizi, nalo latuhusu sisi wastaafu. Tangu Kwaresima ya mwaka jana, watu kumi na mmoja tulianza kutembea kila alfajiri na kupunguza chakula, kwa ushauri tuliopewa zahanati. Waliodumu hata mwisho wa mwaka ni saba, na hao saba kwa jumla wamepungua kilo 46. Wengi wametupongeza, nasi twashukuru. Lakini pongezi nyingine zimetutia mashaka. Husemwa kwamba sasa sisi ni watu wa nidhamu, na kwamba wanene waliosalia ni wavivu na walafi. Ndipo tukaona yafaa swali lenyewe liulizwe katika gazeti hili: Je, kupungua mwili ni wema? Au ni majivuno ya kupenda sura? Au si hili wala lile?

Kwanza tueleze kwa ufupi tulichofanya, maana si siri wala si dawa. Kila siku isipokuwa Jumapili tulitembea nusu saa kwa barabara ya Magila kabla jua halijawa kali; baada ya miezi mitatu tukaongeza kufika dakika arobaini na tano. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kila juma, kwa hiyo hata ile nusu saa ya mwanzo ilitosha na kubaki. Mezani tulipunguza mambo matatu: sukari ya chai, mafuta ya kukaangia, na ukubwa wa bonge la ugali. Soda tuliiacha kabisa, kwa kuwa chupa moja ya mililita 350 ina sukari ipatayo vijiko vinane au tisa vya chai. Mboga, maharage na dagaa hatukupunguza, wala machungwa. Na mtu wa Muheza kukosa chungwa ni kama mtu wa pwani kukosa chumvi. Ni hayo tu.

Muuguzi alitufundisha na hesabu ya kupimia unene. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 88 mwenye urefu wa mita 1.65 hupata 32. Akishuka kufika kilo 79 hupata 29. Kuanzia 25 huitwa uzito uliozidi, na kuanzia 30 huitwa unene wa kupindukia. Hesabu hiyo yatokana na kazi ya Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830. Yeye alikuwa mwanahesabu na mtazama nyota, wala hakuwa tabibu. Alikuwa akitafuta wastani wa watu wengi. Hesabu yake yafaa kutuonya, lakini haimjui mtu. Sisi tuliokaa na chaki miaka mingi twalifahamu hili vizuri. Alama za mtihani zaonyesha kitu, ila mwalimu anayemjua mtoto kwa alama zake tu bado hajamjua.

Kama hesabu haitoshi kutuhukumu, je, macho ya watu yatosha? Tuyakumbuke yalivyobadilika. Wazee wetu walipomwona mtu amenenepa walisema amependeza, ana raha, nyumbani kwake pana chakula. Bibi arusi aliyekonda aliwatia aibu waliomtunza. Kisha ikaja miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipoingia katika nyumba zetu. Wakati huo mtu akipungua watu walinong'ona, wakahesabu miezi, wengine wakaacha hata kumpa mkono. Wako walimu wenzetu waliovaa nguo mbilimbili ili wasionekane wamekonda. Ndiyo maana mpaka leo, mwenzetu mmoja aliposhuka kilo tisa, dada yake alisafiri kutoka Tanga kuja kumwuliza kwa siri, "Ndugu yangu, unaumwa nini?" Na vijana wa mjini sasa wamegeuka upande wa pili, kwao mwembamba ndiye mzuri, na mnene hutaniwa hata mbele ya watu. Basi katika maisha ya mtu mmoja, mwili uleule umesifiwa, umeogopwa na umechekwa. Macho yanayobadilika namna hiyo hayawezi kutuambia lililo jema.

Wako wazee wenzetu wasemao kwamba katika umri huu mambo ya mwili tuwaachie vijana. Mtu amepita miaka sitini, amtakie nani kiuno chembamba? Hoja hii twaiheshimu, maana kweli majivuno yapo, na mzee anayejitazama katika kioo kila saa ni kichekesho. Lakini yasahau jambo moja. Mwili wa mzee si wake peke yake.

Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule mwaka 1973, Redio Tanzania ilipotangaza kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Hapana aliyesema wakati ule kwamba afya ni shauri la mtu binafsi, kwa sababu mbu aliyezaliwa uani kwetu atamwuma mtoto wa jirani. Leo magonjwa yanayotuangusha wazee, kama vile shinikizo la damu na kisukari, hayarukwi na mbu, kwa hiyo twadhani ni ya mtu mwenyewe. Si kweli. Mzee akipatwa na kiharusi, binti mmoja huacha kazi yake kumwuguza, na kijana huuza shamba. Mjukuu hukosa ada. Hatusemi kwamba kila ugonjwa waweza kuzuiwa kwa kutembea, la hasha. Wala kuugua si kosa. Twasema tu kwamba anayeweza kujitunza akajitunza, hajipendi yeye peke yake. Watatu kati yetu sasa hupanda mlima kwa miguu kwenda kuwaona wagonjwa ambao zamani waliwasalimu kwa simu. Hilo si jambo la kioo.

Basi tukikubali kwamba kujitunza si majivuno, je, tuseme kwamba ni wema, na kwamba aliyepungua ni bora kuliko asiyepungua? Hapa ndipo penye hatari, na twaomba wasomaji watuvumilie.

Katika wale saba yumo mama mmoja aliyetembea kama sisi, mvua na jua, na kula kama sisi. Mwisho wa mwaka mizani ilimpa kilo mbili tu. Shinikizo lake la damu limeshuka, usingizi wake umekuwa mzuri, na hukumbuki ni lini alichelewa asubuhi. Kama nidhamu ingepimwa kwa kilo, yeye angekuwa wa mwisho, na sisi twajua alikuwa wa kwanza. Miili haikuumbwa kwa kalibu moja. Wengine hurithi unene kwa wazazi, wengine huongezewa na dawa wanazotumia. Na wale wanne walioacha njiani, tuwaulize kwanza sababu. Mmoja ni mama lishe. Huwasha jiko saa kumi za usiku na hufunga saa mbili usiku. Sisi tuna pensheni, hata kama ni ndogo. Tuna asubuhi zetu, tuna wenzetu wa kwenda nao. Yeye hana asubuhi. Aliye na nafasi akiitumia vizuri amefanya vema, lakini asijisifu kwa ile nafasi.

Liko na jambo zito zaidi. Mwezi wa nane, baada ya ibada, mama mmoja mjane alipongezwa mlangoni na watu wawili: "Hongera mama, umepungua, umependeza! Nawe umejiunga na wale wa alfajiri?" Akacheka kwa adabu, akaenda zake. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba tangu mwezi wa sita alikuwa akila mara moja kwa siku, ili wajukuu zake wawili waende shule na kitu tumboni. Kilo alizopoteza zilikuwa karibu sawa na zetu. Mizani haikuona tofauti yoyote kati yake na sisi, kwa kuwa mizani haiulizi kwa nini.

Na nchi yetu ndivyo ilivyo. Uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 uliona kwamba kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne, kati ya wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ana uzito uliozidi. Na uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 uliona kwamba watoto 30 katika kila mia walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Walioshiba kupita kiasi na waliopungukiwa wanaishi kijiji kimoja, pengine ua mmoja. Wakati sisi twatafuta njia ya kula kidogo, jirani atafuta njia ya kula.

Hapa desturi ya zamani ya kufunga yatufaa sana. Kupunguza chakula kwa ajili ya mwili, na kufunga, kwa nje vyafanana: sahani ni ndogo katika yote mawili. Lakini tangu karne za kwanza Kanisa lilifundisha kwamba kufunga kuende pamoja na sadaka. Alichojinyima mmoja kimfikie mwingine. Kufunga kwauliza swali ambalo mizani haiulizi: Kile usichokula, nani amekila?

Swali hilo lilizua mabishano katika kikundi chetu. Mtu mmoja alipendekeza tuweke kibubu, na kila mmoja atie humo fedha ya sukari na soda alizoacha. Mzee mwingine akakataa. Akasema, "Sukari nisiyoila si deni. Nimeitumikia pensheni yangu miaka thelathini na mitano." Tukanyamaza, maana alisema haki. Ndipo yule mama wa kilo mbili akamjibu, "Kweli si deni, kaka. Lakini umekwisha kutuonyesha mwaka mzima kwamba hukuihitaji." Hatukupiga kura. Kibubu kiliwekwa, apendaye atie, asiyependa asiulizwe. Akina mama wa kanisa hukifungua kila mwisho wa mwezi na kununua unga na maharage, nao ndio wajuao yanapokwenda. Sisi hatutaki kujua.

Sasa tujibu swali letu. Twaona kwamba kupungua mwili peke yake si wema wala si ubaya. Ni kama kujifunza kusoma. Mtu akijua kusoma aweza kumsomea kipofu barua yake, aweza pia kughushi hati ya shamba. Tulichopata mwaka huu ni nguvu kidogo: pumzi ya kupandia mlima, magoti yasiyolalamika sana, mikono ya kushika jembe hata saa nne. Nguvu hiyo yangoja kuambiwa kazi yake, na wema wake au ubaya wake utatoka huko.

Vijana na wamkumbuke John Stephen Akhwari. Katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Alimaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, wakati wengi wa watazamaji wamekwisha kuondoka. Kwa saa yake alikuwa wa mwisho. Lakini muulize Mtanzania yeyote wa rika letu, atakutajia jina lake kabla ya majina ya wengi waliomtangulia. Hatumheshimu kwa mwendo wa miguu yake. Twamheshimu kwa jinsi alivyolitimiza lile alilotumwa.

Twajua pia kwamba nguvu hii haitadumu. Wengi waliopungua hurudia uzito wao baada ya miaka michache, kwa sababu mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo zaidi, na njaa hubaki palepale. Hata sisi tukishika njia yetu, miaka ina mwendo wake, nao ni mrefu kuliko wetu. Ipo asubuhi ambayo kila mmoja atabaki kitandani, na mwenzake atapita kumjulia hali. Ikiwa tumejizoeza kumpima mtu kwa mwili wake, siku hiyo tutajiona hatufai kitu. Ikiwa tumejizoeza kutumia kilichopo kwa ajili ya wengine, hata aliyelala aweza kumsikiliza mtu na kumpa neno la busara.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji mambo mawili madogo. La kwanza, anayeweza kutembea, atembee; saa kumi na mbili kasorobo huwa tupo penye mwembe, na mwendo wetu ni wa wazee, hatumwachi mtu nyuma. La pili, tuache kuanza salamu kwa mwili wa mtu. Tusimwambie umenenepa, wala umekonda, wala hongera umepungua, kabla hatujajua amelalaje na amekula nini. Kiswahili chetu kina salamu za kutosha. Tumwulize habari za nyumbani, kisha tusubiri jibu.