Mbwa wa Getini na Haki ya Anayebisha Hodi



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, sisi Waislamu tukizungumzia mbwa, mazungumzo huwa mafupi. Mmoja atauliza kama ni najisi, mwingine atataja kuosha mara saba, na hapo maneno yamekwisha. Mlango wa twahara ni muhimu na nitaugusa. Lakini kuna swali jingine ambalo sijalisikia likiulizwa msikitini wala darasani: mbwa anapomtisha mtu ambaye sisi wenyewe tumemwita, nani anabeba dhamana ya hofu ile?

Swali hili limetokana na maisha yetu. Hosteli nyingi zinazotuzunguka hapa Kampala, Wandegeya, Kikoni na kwingineko, zina ukuta, geti na mbwa. Na sisi wakazi wake tunaagiza chakula kwa simu, kinaletwa na kijana wa boda mwenye begi mgongoni. Binamu yangu ni mmoja wa vijana hao. Mwaka jana alirudi nyuma kumkwepa mbwa aliyemrukia getini, pikipiki ikamwangukia mguuni na chakula kikamwagika chini. Mbwa hakumng'ata. Aliyeagiza akakataa kulipa, na ofisi ikaikata pesa ile kwenye malipo yake ya wiki. Waliokuwa pale walimwambia neno moja tu: "Huyu hang'ati, anabweka tu."

Nilipoleta habari hii kwenye halaka yetu, maoni yaligawanyika. Wapo waliosema kwamba mbwa ni sehemu ya kazi ile, na kijana analipwa. Wapo waliosema mwenye mbwa ana hatia yote, na sisi wapangaji hatumo. Wengine wakasema kosa ni la mbwa, afungwe mnyororo mchana na usiku au auawe. Naomba tuzipime kauli hizi tatu.

Kwanza, je, mbwa yule anaruhusiwa kuwepo? Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu zake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Mbwa wa kulinda nyumba hakutajwa kwa jina. Wanazuoni wa Kishafii walitofautiana juu yake, na Imam Nawawi ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa inafaa, kwa kumkisia na wale watatu, kwa sababu haja ni moja, nayo ni ulinzi. Kwa hiyo simlaumu mwenye nyumba aliyeibiwa akatafuta mbwa. Ila tukumbuke kwamba ruhusa iliyoletwa na haja haivuki mpaka wa haja hiyo. Haja ni kumzuia mwizi. Kumtisha mtu aliyeitwa kuleta pilau si haja ya mtu yeyote.

Sasa tuitazame ile kauli ya "hang'ati". Maana yake ni kwamba pasipo jeraha hapana madhara. Sheria yetu haisemi hivyo. Abu Daud amepokea kisa cha maswahaba waliokuwa safarini na Mtume (s.a.w.). Mmoja wao alilala, mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo na kuichukua, yule aliyelala akashtuka. Hakuumia wala hakupoteza kitu. Pamoja na hayo Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa si halali kwa Mwislamu kumtia Mwislamu mwenzake hofu. Ikiwa kamba imehesabiwa, seuze meno ya mbwa! Na asiseme mtu kwamba kijana wa boda huenda si Mwislamu, kwa hiyo hadithi haimhusu. Kanuni ya kutodhuru wala kulipiza madhara ni pana, na dhulma ni haramu kwa kila mtu.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kijana anayefika kwenye mageti ishirini kwa siku hajui ni mbwa yupi anang'ata na yupi anabweka tu. Elimu hiyo anayo mwenye nyumba. Kumcheka mtu kwa kutojua jambo ambalo wewe peke yako unalijua si haki.

Tuje kwenye hoja kwamba analipwa. Katika mlango wa ijara, ujira huwa badala ya kazi iliyojulikana. Kazi iliyojulikana hapa ni kubeba chakula kutoka mkahawani hadi getini. Hakuna aliyekubaliana naye kuwa atapambana na mnyama, na malipo ya safari moja hayatoshi hata nauli ya kwenda hospitali. Kisha kuna suala la idhini. Suratun Nur inatufundisha tuombe ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, na tukiambiwa turudi, turudi. Lakini aliyeitwa hali yake ni tofauti. Imepokewa katika Abu Daud kwamba mtu kutumiwa mjumbe aje ni idhini kwake. Nami naona simu yenye agizo la chakula, jina la hosteli na namba ya chumba haipungukiwi na kitu mbele ya mjumbe yule.

Tofauti hii ina uzito katika fiqhi. Ibn Qudama, mwanazuoni wa Kihanbali, ameeleza katika al-Mughni kwamba mwenye mbwa mng'ataji hadhamini akimng'ata mtu aliyeingia nyumbani bila ruhusa, kwani huyo amejitakia. Lakini aliyeingia kwa ruhusa akang'atwa, dhamana ni ya mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye aliyesababisha. Tazameni jinsi idhini inavyogeuza hukumu nzima, na mbwa ni yuleyule.

Mtu anaweza kunipinga kwa hadithi sahihi isemayo kuwa jeraha la mnyama halina fidia. Ni kweli ipo, lakini wanazuoni hawakuifasiri kuwa ni uhuru wa mfugaji kuzembea. Ngamia wa al-Baraa bin Azib (r.a.) alipoingia bustani ya watu akaharibu, Mtume (s.a.w.) alihukumu kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na wenye mifugo waidhibiti mifugo yao usiku. Yaani kila upande una wakati wake wa kuchunga. Usiku wa manane, ngoja mbwa abweke. Saa saba mchana, wakati mtu yuko njiani kwa sababu umempigia simu, zamu ya kuchunga ni yako.

Na kibao cha "Mbwa Mkali" je? Kibao kinamfaa mpita njia mwenye hiari ya kugeuka. Mleta chakula hana hiari hiyo, kwani akigeuka atakatwa pesa. Kumwonya mtu juu ya hatari huku umemfungia njia ya kuikwepa hakumwondolei mwenye nyumba dhamana.

Sasa nije kwetu wapangaji, maana hapa ndipo tunapotoroka. Tunasema: mbwa si wetu, ni wa mwenye hosteli. Lakini kuna kanuni mashuhuri ya fiqhi isemayo kwamba mzigo huenda na faida, na asili yake ni hadithi ya kuwa pato hufuata dhamana. Jiulize nani analala kwa amani kwa sababu ya mbwa yule. Kompyuta zetu zipo salama, pikipiki za wenzetu hazijaibwa uani, dada zetu wanarudi usiku kutoka maktaba wakiwa na uhakika kwamba hakuna mgeni kwenye ngazi. Faida hii tunaila sote. Hatuwezi kuila faida kisha mzigo wote tukamwachia mtu mmoja asiyelala hapa, asiyelindwa na mbwa yule, na ambaye kipato chake ni kidogo kuliko chetu. Huo si mgawanyo wa haki.

Kauli ya tatu ilikuwa kwamba kosa ni la mbwa. Mbwa si mukallafu, hana kalamu inayomwandikia. Anachofanya ni kujifunza, na hilo Qur'ani imelitambua. Aya ya 4 ya Suratul Maida imehalalisha windo la wanyama waliofundishwa, na ikakumbusha kwamba elimu ya kuwafundisha imetoka kwa Mwenyezi Mungu. Katika hadithi ya Adiy bin Hatim (r.a.) tunaona mbwa aliyefundishwa akitumwa kwa jina la Mwenyezi Mungu windo lake ni halali, lakini akilila mwenyewe haliliwi, kwa sababu inahofiwa kuwa amejikamatia nafsi yake. Mafunzo ya mbwa yanabadilisha halali na haramu kwenye sahani ya Mwislamu! Basi tusiseme mbwa hafundishiki.

Na asiyefundishwa na mtu hufundishwa na geti. Fikiri anavyoona yeye: kila siku mtu anakuja na pikipiki, yeye anabweka, mtu anaondoka. Sisi tunajua kijana ameondoka kwa sababu amemaliza kazi yake. Mbwa anaamini amemfukuza. Kila agizo ni somo jingine, na kila siku anabweka kwa nguvu zaidi. Ukimpigia kelele, huona unabweka pamoja naye. Ukimpiga, maumivu anayaunganisha na yule mwenye helmeti aliyesimama mbele yake, na chuki inazidi. Ukimfunga mnyororo mfupi mbele ya geti siku nzima, unamfanya awe mkali zaidi, na tena unamdhulumu. Tunajua habari ya aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Mwenye mbwa ataulizwa mara mbili: kuhusu aliyetishwa, na kuhusu mnyama mwenyewe.

Dawa yake si ngumu. Chakula kikikaribia kufika, mbwa apelekwe nyuma ya nyumba au bandani, asikoliona geti, na apewe kitu cha kutafuna huko. Siku ambazo hakuna haraka, rafiki aje na pikipiki asimame mbali, mahali ambapo mbwa anamwona lakini bado ametulia, na apewe kipande cha nyama kwa utulivu ule. Siku baada ya siku rafiki asogee kidogo, na mbwa akianza kubweka, warudi hatua nyuma. Kazi hii ni ya wiki nyingi na inataka subira. Pia achanjwe kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana kwa binadamu karibu kila mara huua. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja.

Kijana wa boda naye ana wajibu wake: asimame nje, apige simu, asimrushie mnyama mawe, asikimbie kwani kukimbia humwita mbwa afukuze.

Niliahidi kuugusa mlango wa twahara. Kwetu Mashafii, mbwa mkavu akikugusa nguo kavu hakuna cha kuosha. Lakini mate yake yakigusa suruali, ni kuosha mara saba, moja wapo kwa udongo. Wenzetu wa Kimaliki wana kauli nyepesi, kwao mbwa ni twahara. Kijana wa Kishafii aliyerambwa getini petu saa kumi na mbili na nusu jioni, Magharibi inakaribia na maagizo matatu bado yako kwenye begi, atapata wapi udongo na maji ya mara saba? Sisi tuliomwita tuko juu tumeshatawadha, tunasubiri adhana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye hosteli ana wajibu wa kumfundisha na kumdhibiti mbwa wake, na kiongozi wa wapangaji amwendee kwa adabu amweleze. Akikataa au akichelewa, wajibu wetu haufutiki, kwa kuwa sisi ndio tunaoita watu. Anayeagiza chakula ashuke mapema, asimame nje ya geti, apokee kwa mkono wake, atoe salamu na shukrani. Ni ngazi tatu au nne tu. Na chakula kikimwagika kwa sababu ya mbwa wetu, aliyeagiza alipe, ikibidi tuchangishane.

Mtume (s.a.w.) aliapa mara tatu kwamba haamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Kijana wa boda ni jirani wa dakika tano. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu ambao aliye mlangoni mwao yuko katika amani, hata kama hatumjui jina.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiiq.