Je, Tunadaiwa na Asiyetajwa Jina?

Sisi walimu aghalabu huingia maktabani kwa haraka. Twatafuta ukurasa mmoja, twaunakili, twatoka kabla kengele haijalia. Katika likizo iliyopita tulipata bahati ya kukaa siku kadhaa katika chumba cha nyuma cha maktaba moja hapa Uganda, chumba cha majarida na vitabu vya kale ambacho ufunguo wake hauna budi kuombwa kwa msimamizi. Karatasi za mwisho wa karne ya kumi na tisa zimegeuka rangi ya chai, na ukizikunja pembe huvunjika, kwa kuwa karatasi iliyotengenezwa kwa miti zama zile ina asidi inayoila polepole kutoka ndani. Mchwa nao wamepita humo, ingawa yaonekana hawakupendezwa sana na kurasa za takwimu.

Tulikwenda kutafuta maneno ya kale ya Kiswahili. Tulichokipata ni kitu kingine, nacho kimetuachia swali ambalo tungependa kuwashirikisha wenzetu. Mtu akitenda jambo kubwa, jambo hilo likaandikwa na kuchapwa, lakini yeye mwenyewe asitajwe jina, je, anatudai chochote sisi tunaolisoma? Na kama anatudai, deni hilo hulipwa vipi?

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1884 jarida la matibabu la Edinburgh, huko Uskoti, lilichapa makala ya Robert Felkin kuhusu uzazi katika Afrika ya Kati. Felkin alizaliwa mwaka 1853, na alikuja katika nchi hizi kwa njia ya mto Nile pamoja na wamisionari wenziwe, hali angali mwanafunzi wa utabibu. Mwaka 1879, mahali alipopaita Kahura katika ufalme wa Bunyoro, alishuhudia mama akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mama huyo alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alilazwa juu ya kitanda kilichoinama, akanyweshwa pombe ya ndizi hata akalewa nusu, akafungwa kwa mbugu kifuani na mapajani, na mtu mmoja akamshika vifundo vya miguu. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe ile ile, akaliosha na tumbo la mama, kisha akatumia maji. Akanuizia, akapiga ukelele ambao watu waliokuwa nje waliuitikia, na kwa pigo moja akapasua kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu. Msaidizi alizuia damu kwa chuma kilichotiwa motoni. Mtoto akatolewa.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotufanya tusome ukurasa ule mara tatu. Mpasuaji aliukanda mji wa mimba kwa mikono yake mpaka ukajikaza. Kidonda kilifunikwa kwa mkeka wa nyasi, na mama akageuzwa ili maji na damu vimwagike. Kisha kidonda kilibanwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyong'arishwa vyema, ikazungushiwa uzi imara. Mizizi ya aina mbili ilitafunwa, ikatemwa chunguni, rojo lake likapakwa kwa wingi juu ya kidonda. Jani la mgomba likapashwa moto na kuwekwa juu, na mbugu ikafungwa juu ya yote. Felkin aeleza kwamba mama hakulia hata mara moja mpaka ilipochomwa misumari ile. Siku ya tatu kidonda kilisafishwa na msumari mmoja ukatolewa. Siku ya tano mitatu. Siku ya sita iliyosalia. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona, na mtoto alikuwa hai.

Msomaji na akumbuke kwamba zama hizo hata katika hospitali za Ulaya mama aliyepasuliwa namna hii alikuwa katika hatari kubwa mno ya kufa. Joseph Lister alikuwa amechapa makala zake kuhusu kuua vijidudu vya vidonda mwaka 1867 tu, na waganga wengi walikuwa wangali wakibishana naye.

Sasa tuangalie majina. Felkin ana jina. Kahura ina jina. Hata kitambaa kina jina, kwani neno la kwetu, mbugu, lilipenya katikati ya Kiingereza chake na kukaa humo kwa starehe. Mpasuaji hana jina. Mama hana, wala mtoto. Katika rafu nyingine ya chumba kile kile tuliisoma makala ya mwaka 1952 inayoeleza jinsi kirusi cha Zika kilivyogunduliwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe. Kirusi kilipatikana katika damu ya kima aliyewekwa kizimbani juu ya mti ili aumwe na mbu. Kima yule anajulikana kwa namba yake, 766, na waliofanya utafiti baada ya maradhi hayo kuenea Brazili mwaka 2015 waliweza kufuata nyayo mpaka kwake. Hatusemi haya kwa kejeli. Wanasayansi wale walifanya vyema kumpa kima namba. Twashangaa tu kwamba mtu aliyeokoa roho mbili hakupata hata hiyo.

Yuko atakayesema: jina la nini? Elimu ni ya wote, na ukweli wa jambo hauongezwi wala haupunguzwi na jina la aliyelitenda. Maji huchemka hata kama hatumjui aliyeinjika chungu. Hoja hii ina nguvu, nasi kwa muda tuliikubali. Lakini turudi kwenye ile mizizi ya aina mbili. Mizizi gani? Makala haisemi. Ilichimbwa wapi, ilitafunwa kwa muda gani, ilizuia nini? Haijulikani. Kama Felkin angeuliza, "Bwana, jina lako nani, na ulifunzwa na nani?" huenda swali la tatu lingekuwa, "Na mizizi hii yaitwaje?" Tena hata kama asingeuliza hilo la tatu, waliokuja nyuma yake wangekuwa na pa kuanzia: mtu, ukoo, kijiji, wanafunzi wake. Uvamizi wa Bunyoro ulioanza mwishoni mwa 1893 na kuendelea mpaka Omukama Kabalega alipokamatwa mwaka 1899 uliharibu na kutawanya mengi, na wakati huo hapakuwa na jina la kushika ili kumtafuta mtu katika vumbi lile. Basi jina si pambo la heshima tu. Ni njia ya kurudia. Asiyeandika jina huifunga njia hiyo, na elimu yenyewe hupungua pamoja na haki.

Hatutaki kumhukumu Felkin peke yake. Angalau aliona, akaandika kwa makini, na hakudharau. Tena desturi hii haikuwa ya utabibu tu. Katika lugha yetu wenyewe imepita. Mwaka 1903 ulichapwa huko Ujerumani ule mkusanyo mashuhuri wa desturi za Waswahili, na jina lililobebwa na jalada lilikuwa la Carl Velten. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ilipotokea tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, jina la Mtoro liliwekwa juu ya kitabu. Miaka 78 ilikuwa imepita, lakini deni lililipika, kwa sababu jina la Mtoro halikuwa limepotea. Lilikuwa limefunikwa tu. La mpasuaji wa Kahura halikufunikwa. Halikuandikwa kamwe.

Mwenzetu mmoja afundishaye historia, tulipomsimulia haya, alifurahi mno. "Andikeni basi," alisema, "kwamba Wanyoro waliwatangulia Wazungu, na deni litakuwa limelipwa." Tulinyamaza kwanza, maana furaha yake ilikuwa yetu pia. Walakini tulipolala tukaamka tuliona kwamba hatuwezi kumfuata moja kwa moja. Rafu zile zimejaa vitabu vya wasafiri wa zama hizo hizo vinavyosema mambo mabaya juu ya babu zetu, na kila tukivisoma twauliza: shahidi ni nani, alikaa siku ngapi, alijua lugha? Maswali hayo hayo yamhusu na Felkin. Shahidi wetu ni mmoja. Aliyoyaona ameyachapa miaka 5 baadaye. Alieleza upasuaji mmoja, nao haututoshi kuhesabu ni akina mama wangapi walipona na wangapi walikufa. Wako pia wanaomtilia shaka kwa sababu baadaye maishani alijiingiza katika vyama vya siri vya mambo ya uganga, mpaka akafariki huko New Zealand mwaka 1926. Hoja hii twaiona dhaifu, lakini yafaa itajwe. Na mpasuaji mwenyewe hakuushona mji wa mimba, kazi ambayo Max Sänger wa Leipzig aliisisitiza katika maandishi yake ya mwaka 1882 na ambayo madaktari wa leo hawaiachi.

Kwa upande wa pili, makala ina alama za mtu aliyeona kwa macho. Anataja kwamba kisu kilimjeruhi mtoto begani, na kwamba kidonda hicho nacho kilipakwa dawa kikapona kwa siku nne. Mtunga sifa hangekumbuka kosa hilo. Anataja mapigo ya damu na joto la mwili. Tena mambo hayakufanywa kwa kubahatisha: kila mmoja alijua mahali pake, na misumari ilikuwa tayari imeng'arishwa. Kutokana na hayo twaamini kwamba palikuwapo ufundi uliozoeleka. Zaidi ya hapo hatuendi, ijapokuwa moyo wataka.

Basi tulipeje? Kumbunia jina, kama baadhi ya waandishi wa hadithi wanavyoweza kutamani, kungekuwa kumzika mara ya pili chini ya mtu mwingine. Tulilofanya sisi ni dogo, nalo ni la kiualimu. Tuliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu habari hii kwa Kiswahili, imeandikwa yote katika kauli ya kutendwa: mama alipasuliwa, damu ilizuiwa, mtoto alitolewa. Kisha tukawataka wamalizie kila sentensi kwa "na nani". Walihangaika, wakaandika "na mganga", "na mtu", "na Felkin". Huyu wa mwisho tulimkataa, na ubishi uliozuka ulikula kipindi kizima cha sarufi. Mwishowe walikubaliana kuacha nafasi tupu yenye mstari chini yake, kama ile ya fomu za mtihani.

Tulikuwa pia tumenakili mchoro ulioambatana na makala, tukikusudia kuubandika ukutani. Mama amelazwa uchi juu ya kitanda, kidonda chake kikionekana. Mchoro huu umechapwa tena na tena katika vitabu vya historia ya utabibu. Kabla hatujaubandika, msichana mmoja aliyekaa mstari wa mbele aliutazama kitambo, akauliza, "Mwalimu, mama huyu alijua kwamba anachorwa?"

Hatukuwa na jibu. Siku zote tulikuwa tukimfikiria mpasuaji, na mama aliyevumilia misumari saba tulikuwa tumempita. Karatasi ile tumeirudisha ndani ya jalada, na ukuta wa darasa ungali mtupu.