Jino la Titani Nalo Lataka Mswaki

Wanangu, kila anayetoka kwa daktari wa meno na kipandikizi kipya hurudi nyumbani na maneno yaleyale: hii ni titani, haishiki kutu, haitoboki, haiumi, mimi na habari za meno tumeagana. Nimeyasikia maneno hayo tangu enzi ambazo vipandikizi vilikuwa vya watu wa kupanda ndege, na nayasikia leo ambapo vinawekwa Nairobi na Dar es Salaam, na watu wanakopa na kuuza viwanja ili wavipate. Siwalaumu. Mtu aliyekaa na pengo miaka nenda miaka rudi, anatafuna upande mmoja, anacheka mkono ukiwa mdomoni, akipata tena jino la kutafunia mahindi ya kuchoma, mwacheni afurahi. Shida ni kwamba furaha hiyohiyo humfanya aulegeze mkono wa mswaki. Nami nimekaa miaka mingi kando ya kiti cha daktari, nikishika taa na kuosha vyombo, nikiwaona walewale waliofurahi wakirudi na usaha.

Titani ni madini ya heshima, hilo halina ubishi. Mwaka 1952 huko Lund, Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichungulia jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura, na kidude chake cha kuchungulia kilitengenezwa kwa titani. Kazi ilipokwisha akataka kukichomoa ili akitumie tena. Kikagoma. Mfupa ulikuwa umekikumbatia, umekuwa kitu kimoja nacho. Mwaka 1965, katika mji wa Göteborg, alimwekea vipandikizi katika taya la chini Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya, na Larsson akala navyo mpaka alipofariki mwaka 2006. Ni zaidi ya miaka 40. Basi anayewaambia kuwa kipandikizi chaweza kwenda na mtu mpaka kaburini hawadanganyi. Ila safari hiyo ina masharti yake, na masharti ndiyo watu wanayoyaacha mlangoni kwa daktari.

Nguvu ya titani imo katika ngozi yake. Ikikutana na hewa au maji, papo hapo hujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita 2 hadi 10 tu, na unywele mmoja wa kichwani ni makumi ya maelfu ya nanomita. Oksidi hiyo ndiyo iliyomo ndani ya rutili, moja ya madini yaliyochekechwa kutoka mchanga wa Kwale na kupakiwa melini Mombasa tangu 2014 mpaka uchimbaji ulipofikia kikomo mwishoni mwa 2024. Mfupa wa taya unapokishika kipandikizi, hasa unaushika utando huo. Na ukikwaruzwa, utando hujifuma upya kufumba na kufumbua, mradi oksijeni ipo na asidi haijapita kiasi.

Mwenye jiko anaijua habari hii hata kama hajawahi kusikia neno oksidi. Sufuria ya alumini nayo ina ngozi ya namna hiyo. Ipikie wali, ichemshie maji, itakwenda miaka haina neno. Lakini ilaze usiku kucha na mchuzi wa ukwaju, asubuhi uisugue kwa waya mpaka ing'ae, na kesho urudie, na keshokutwa urudie tena. Baada ya muda utaona vishimo vidogo vidogo vimeota chini, na mchuzi unaanza kuwa na ladha ya bati. Hapo fundi aliyeiuza hana kosa. Kinywa chenye fizi zilizovimba kinafanya kazi ya ukwaju uliolala, na kwa kipandikizi usiku huo huwa hauishi, kwa sababu hakuna anayemwaga mchuzi.

Angalieni mambo yanavyokwenda. Ukoga hujijenga pale kipandikizi kinapokutana na ufizi, mahali ambapo mswaki hupita mbio. Ndani ya ukoga, bakteria hula sukari tuliyokula sisi na kutoa asidi. Mate ya mtu mwenye afya huwa na pH, kile kipimo ambacho kikishuka asidi imezidi, karibu na 7, lakini ndani ya ukoga, baada ya chai ya sukari na maandazi, pH yaweza kushuka chini ya 5.5 ndani ya dakika chache tu. Huko chini oksijeni nayo ni haba, kwa hiyo utando uliochunika hukosa uzi wa kujishonea. Mwili nao haulali. Hutuma chembe nyeupe za damu, na silaha mojawapo ya chembe hizo ni haidrojeni peroksidi. Wanaolengwa ni bakteria, lakini titani imesimama palepale, na peroksidi hiyo huuparuza utando wake. Floraidi nyingi ikikuta asidi, huzidi kuuyeyusha. Kisha kuna kule kucheza kudogo, kusikoonekana, kwenye kiungo cha kipandikizi na kile kinachobeba taji lake, yaani jino la juu linaloonekana, kila tunapotafuna, madini yakisagana na madini ndani ya mate yenye chumvi.

Kila kimoja katika hivyo, kikija peke yake, titani hukistahimili. Vikija vyote pamoja, kuchunwa hukupita kupona, na chembechembe za titani huanza kuingia katika ufizi. Na kama kipandikizi ni cha ule mchanganyiko wenye asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, hayo nayo huvuja.

Msitishike mkadhani kipandikizi kitameguka mdomoni kama msumari wa mapaa ya pwani. Kwa macho hamtaona kitu. Ubaya umo katika kazi zinazofanywa na chembechembe hizo zikishaingia. Chembe nyeupe huzimeza, haziwezi kuziyeyusha, basi hupiga mbiu kuita wenzao, na mbiu hiyo huamsha pia chembe zinazomung'unya mfupa. Watafiti wamekuta titani nyingi zaidi katika ukoga na nyama inayozunguka vipandikizi vinavyougua kuliko vilivyo salama. Mpaka leo wanabishana kipi kilianza, kutu au uvimbe, na ubishi huo una maana kwao. Kwa mgonjwa njia ni moja. Ukoga ukiondolewa mapema, asidi hupungua, uvimbe hutulia, na utando hupata nafasi ya kujirudi.

Kinachowaponza watu wengi ni kwamba kipandikizi hakilii. Jino la kuzaliwa limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzinyuzi zenye hisia, kwa hiyo likiugua hulegea na kukunyima usingizi, ukatoka mbio kumtafuta daktari hata Jumapili. Kipandikizi kimeshikana na mfupa moja kwa moja. Kinaweza kupoteza nusu ya mfupa wake kikiwa kimesimama imara, unakitafunia nyama, huna habari. Kikianza kutikisika, basi kilichobaki kukishika ni kidogo sana. Ishara zake ni za upole: damu kidogo ukipiga mswaki, ufizi kuwa mwekundu na kututumka, harufu ambayo mwenzio anaisikia kabla yako, ladha mbaya ukiamka asubuhi.

Wakati ugonjwa ungali kwenye ufizi tu, hurudi nyuma kwa usafi mzuri na kazi ya daktari. Ukishaingia kwenye mfupa, mfupa uliokwenda haurudi wenyewe. Mwaka 2015 Jan Derks na Cristiano Tomasi, wa Göteborg kulekule alikotibiwa Larsson, walikusanya tafiti zilizokuwapo wakapata wastani wa wagonjwa 43 kati ya 100 wenye uvimbe wa ufizi kuzunguka vipandikizi, na 22 kati ya 100 ambao ugonjwa umekwisha kuingia mfupani. Tafiti zenyewe zilitofautiana sana, lakini hata ukipunguza, wanaobaki ni wengi. Chovya chovya humaliza buyu la asali, nao mfupa wa taya huondoka vivyo hivyo, na mwenye buyu hajui mpaka aligeuze.

Sasa, kwa nini watu wazima wenye akili zao hufika huko? Kwa sababu ni watu. Mtu akiona damu kwenye mswaki, moyo humwambia apaache pale papumzike, kumbe panatoka damu kwa sababu pameachwa. Anayevuta sigara aliahidi kuacha siku ya upasuaji, na aliahidi kwa moyo mweupe, kisha kazi zikambana akawasha moja. Mwenye kisukari anakijua kipimo chake, lakini harusi zilifuatana na pilau haikatai mgeni. Yupo pia aliyeyapoteza meno yake kwa ugonjwa wa fizi, akadhani ugonjwa umeng'olewa pamoja na meno, hali bakteria walewale wamebaki kwa majirani wakingoja. Huyu wa mwisho ndiye aliye hatarini kuliko wenzake, na mara nyingi ndiye asiyeambiwa. Sina fimbo ya kumpiga yeyote kati yao. Nataka tu wajue deni linaongezeka vipi.

Wengine huharibu kwa bidii, na hao huniuma zaidi kwa sababu walitaka kufanya vyema. Akiona weusi kidogo pembeni ya taji, anachukua ndimu na magadi, au mkaa uliosagwa, anasugua mpaka mkono uchoke. Mwingine anachokoa kwa pini. Mwingine amenunua dawa ya peroksidi ya kung'arisha meno, anasukutua kutwa mara tatu. Ndimu ni asidi, mkaa hukwaruza, pini huchora, na peroksidi tumekwisha kuiona mwilini ikifanya kazi hiyohiyo. Vitu hivyo viacheni mahali pake, ndimu kwenye samaki na mkaa kwenye jiko.

Inayotakiwa ni kazi ndogo ya kila siku. Mswaki laini, asubuhi na usiku, ukilazwa kwenye mpaka wa ufizi na kuchezeshwa polepole. Vile vimswaki vyembamba vya kupitisha kati ya meno, vyenye waya uliovikwa plastiki, kila usiku, kila upande wa kipandikizi. Mswaki wa mti una wema wake na sitawakataza, ila haufiki chini ya taji. Dawa ya meno ya kawaida yenye floraidi isiwatie hofu, maana mnayo meno mengine yanayoihitaji. Ya kuulizia ni zile jeli za floraidi zenye asidi ambazo hupakwa kliniki. Mkizikuta, semeni mna kipandikizi.

Na semeni mapema, kabla hamjafungua kinywa. Anayekwangua ukoga kwa chombo cha chuma cha pua huweza kukichora kipandikizi, na kila mchoro ni nyumba mpya ya bakteria. Viko vyombo vya plastiki, vya nyuzi za kaboni, na vya titani yenyewe kwa kazi hiyo. Kuuliza si kumvunjia daktari heshima. Ombeni pia picha ya eksirei siku taji linapofungwa, muihifadhi, kwa kuwa bila picha ya kwanza hakuna atakayejua mfupa umeshuka kiasi gani. Ombeni karatasi yenye jina la kipandikizi, ukubwa wake na namba yake. Wako waliotengenezewa India au Ulaya, wakarudi nyumbani mikono mitupu, na skrubu ilipolegea hakuna aliyejua ni bisibisi ipi inayoingia. Kisha rudini kukaguliwa hata kama hapaumi, mara mbili kwa mwaka kwa walio wengi, na zaidi ya hapo kwa mvutaji, mwenye kisukari na aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi.

Najua mtanijibu kwamba mmekwisha kulipa pesa nyingi, na ziara hizo nazo zina bei. Ni kweli zina bei. Lakini nimeona bili ya anayeng'olewa kipandikizi kilichooza pembeni: kukitoa, kusafisha, kungoja miezi, kutiwa mfupa wa kuziba shimo, kungoja tena, na huenda mwisho akaambiwa taya halina tena pa kushikia. Mtu huyo angeweza kulipia usafishaji wa miaka mingi kwa pesa hizo, na bado angekuwa anatafuna.

Na wewe ambaye sasa hivi umekumbuka ile damu ya juzi kwenye beseni, usione haya. Mficha maradhi, kilio humfichua. Daktari hatashangaa. Amewaona wengi kabla yako, na wengi wao walikuja wamechelewa kuliko wewe. Mwambie ukweli wote, sigara, sukari na mswaki uliokuwa ukirukwa, kwa sababu tiba hupangwa juu ya ukweli huo. Damu ikiwa bado ni ya ufizi tu, una muda wa kuyarudisha mambo nyuma. Piga simu wiki hii.