Mtu Amechorachora Ndani

Mzee anayeuza vitabu vya mtumba kando ya barabara hapa Nairobi alinipunguzia shilingi hamsini kwa sababu, alisema, "Binti, kuna mtu amechorachora ndani." Aliyechorachora ni Rebeka Njau. Kitabu kilikuwa Ripples in the Pool, kile cha 1975. Nikanyamaza, nikalipa, nikaondoka haraka kama mwizi.

Sasa ninavyo saba: riwaya za wanawake Waafrika zisizotajwa sana, kila moja na saini ya mwandishi. Nimezoea kusema kwamba ninaziokoa. Grace Ogot alichapisha The Promised Land mwaka 1966, ilhali katika masomo yangu yote hadi shahada ya kwanza riwaya ya Kenya ilikuwa Ngũgĩ, kisha Ngũgĩ tena. (Sina ugomvi naye.)

Kisha mwenzangu darasani akaanza tasnifu kuhusu wanawake wa mjini wanaohamia kijijini. Selina wa Njau angemfaa kabisa. Nakala ya maktaba ilikuwa imepotea, akaniomba yangu. Nikamwambia kava imelegea na hicho hakitoki nyumbani. Akasema sawa, hakuna shida. Sura ile akaiandika juu ya Ngũgĩ.

Niliilaumu silabasi miaka mingi, na siku hiyo nilifanya kazi yake mimi mwenyewe, kwa mapenzi.

Naweza kujitetea. Nakala iliyopotea maktabani ni ushahidi kwamba kitabu kisicho na mlinzi hupotea. Lakini kuna jambo linaloniaibisha zaidi: nikisikia tetesi kwamba kimojawapo kitachapishwa upya, kabla ya furaha ninahisi hofu kidogo. Kikisomwa na wengi, changu kitakuwa nini? Kusahauliwa kwa mwandishi ndiko kulikonipa bei ile, na katika shilingi nilizolipa yeye hakupata hata senti.

Juu ya saini ya Njau kuna jina la mtu nisiyemjua. Kitabu kilitiwa saini ili kiende kwa mtu huyo. Kilitolewa. Mimi nimekisimamisha kabatini na kukifunga kwa nailoni.

Wiki iliyopita nilimpelekea mwenzangu, ingawa tasnifu ameshaikabidhi. Anakisoma kwenye matatu. Jana aliniandikia kwamba amefika katikati, na kwamba samahani, kava imetoka.

Sijamjibu bado.