Umaskini wa Kuchagua

Mama alifua nguo za watu ili nilipiwe karo. Kwa hivyo nikisikia mtu akisifiwa eti "amechagua umaskini," huwa nakunja uso. Umaskini gani huo wenye mlango wa kutokea? Wetu hatukuuchagua, na hakuna aliyetusifu.

Ndiyo maana Kardinali Maurice Otunga hunisumbua. Alizaliwa 1923 huko Bungoma, mwana wa Chifu Sudi Namachanja. Mzee alitaka amrithi uchifu. Kijana akakataa, akapadrishwa Roma mwaka wa 1950. Mwaka wa 1971 akawa Askofu Mkuu wa Nairobi, na 1973 Mkenya wa kwanza kuwa kardinali. Alipostaafu 1997, hakujitafutia boma la kifahari. Alienda kuishi Nyumba ya Wazee hapa Nairobi, ambako masista hutunza wakongwe wasio na uwezo.

Zamani ningesema hayo ni maigizo. Siku hizi sina uhakika. Sisi huenda makao kama hayo Jumamosi na unga na sukari, tunapiga selfi, jioni tuko kwetu. Anayetoa hubaki juu. Otunga hakwenda kama mgeni wa kutoa. Alikuwa mzee kati ya wazee, naye akihitaji kutunzwa. Na uzee, tofauti na Jumamosi, hauna jioni ya kurudi nyumbani.

Lakini kuna jambo tusiliruke. Aliweza kukataa uchifu kwa sababu alikuwa amesoma. Shule za misheni zilimwonyesha njia nyingine mbali na kiti cha babake, na baada ya Roma alirudi kufundisha seminarini. Bila shule, "kuchagua" ni neno tupu. Basi ukimwambia mtoto wa Mukuru aridhike na alicho nacho kwa kuwa hata kardinali aliridhika, unamdanganya. Kwanza mpe shule. Mpe kitu cha kuacha. Akikiacha baadaye, hapo ndipo tutazungumza kuhusu fadhila.

Juzi nilimuuliza mama kama alifua zile nguo zote ili niwe tajiri. Akacheka. Alisema alitaka tu siku moja nipewe kazi mbaya, niweze kusema hapana.

Otunga alisema hapana kwa uchifu, na ninamheshimu kwa hilo. Mama hakuwahi kupata kitu cha kukataa.